Jua Ndani ya Beseni

Minyaa ikikatwa mbichi hutoa harufu kali inayopanda puani na kukaa huko. Wiki iliyopita nilikuwa napita mtaani ninapoishi sasa, mbali kabisa na nyumbani, nikakuta kijana anapunguza ua kwa panga, utomvu mweupe unachuruzika. Nikasimama. Wapita njia wengine walikunja pua wakaendelea na safari zao. Mimi nilisimama kwa sababu kwangu hiyo ndiyo harufu ya mwisho wa dunia. Msinicheke kwanza, nitawaeleza.

Ilikuwa mwaka 2013, nikiwa darasa la nne, kijijini kwetu huko milimani kati ya Kasulu na Muyama. Dunia ilikuwa imeshaahidiwa kwisha mara moja, Desemba ya mwaka uliotangulia. Tulisali, tukalala, tukaamka, na mama akatutuma kuni kama kawaida, kwa hiyo habari zenyewe hazikuwa ngeni kwetu. Ila safari hii zilikuja na ushahidi. Redio ilisema kwamba Jumapili moja ya Novemba, jioni, jua litapatwa. Redio ilisema hivyo tu. Mengine yote tuliyaongeza wenyewe.

Mwalimu wetu wa sayansi alikuwa mgeni, kaletwa na serikali kutoka Kilimanjaro, na alivaa sweta hata wakati wa jua kali. Yeye alituambia tusiogope, ni mwezi tu unaopita mbele ya jua. Angeishia hapo tungelala salama. Lakini akaendelea kusema kwamba jua ni moto, na moto wowote una kuni zake. Baada ya miaka mingi isiyohesabika kuni hizo zitakwisha, jua litavimba kama unga uliotiwa hamira na kuimeza dunia. Sisi, akasema, pamoja na wajukuu wa wajukuu wetu, tutakuwa tumeshasahaulika zamani. Alidhani anatutuliza. Nililia njia nzima kwa ajili ya wale wajukuu.

Mzee Salumu mwenye duka, ambaye kwao ni Tanga, alikuwa na elimu yake. Alisema dalili kubwa ni jua kuchomoza magharibi, na yeye kila alfajiri alikuwa anaangalia. Maadamu linatoka kulekule, watu waendelee kulima. Hata hivyo aliagiza mishumaa katoni nzima kutoka Kasulu, kwa sababu uvumi ulikuwa umeshika kwamba giza litakaa siku tatu na moto hautawaka jikoni. Mama alipomwuliza mbona anajipinga mwenyewe, alijibu, "Mama, mimi sijasema litazimika. Nasema mishumaa ipo."

Bibi yangu, mama yake baba, hakuchagua habari ya kuamini. Aliziamini zote. Za mwalimu, za dukani, za kanisani na za kisimani, zote alizipokea na kuzipangia nafasi. Tena hakuonekana kuogopa, alionekana mwenye shughuli. Alitoa ndizi zilizokuwa zinaivishwa shimoni, akakamua, akaanza kupika pombe. Mama akamwambia kwamba siku ya kiama watu watakuwa wanalia, si kunywa. Bibi akasema, "Watakuja hapa. Wageni wakikuta chungu kitupu si nitaona aibu?"

Lakini pombe ile haikuwa ya wageni. Ilikuwa ya wanawe wawili, na hapo ndipo penye kisa chenyewe.

Baba yangu na kaka yake, baba mkubwa, walikuwa hawasemezani. Ng'ombe wa baba mkubwa aliingia kwenye maharage yetu wakati yanatoa maua, akayamaliza. Baba akamfunga ng'ombe kwenye mti wetu, akakataa kumwachia mpaka mwenyewe aje aombe. Mwenyewe alikuja, lakini hakuomba. Maneno yakatoka, na kama wasemavyo wakubwa, maneno hayazoleki. La mwisho alilitoa baba mkubwa: "Siku nikifa, usije kunizika." Na baba akamjibu kwamba wala yeye asimzike.

Sijui kwenu, lakini kwetu hilo si neno la hasira, ni neno la kukata. Baada ya hapo baba mkubwa alipanda minyaa katikati ya miji yetu miwili, wa kwetu na wa kwao, juu ya njia ileile tuliyokuwa tunapita kwenda kuomba chumvi. Minyaa haibembelezwi. Mvua mbili tu ikawa ukuta. Binti yake Jenitha, niliyelala naye kitanda kimoja tangu tunanyonya, akawa mtu wa kumwona darasani tu, na darasani tulikaa mbalimbali kwa sababu hatukujua kama tunaruhusiwa. Bibi aliishi kwetu, maana baba ndiye kitinda mimba. Baba mkubwa alikuja kumsalimu siku ambazo baba hayupo, tena akizunguka kwa barabara ya juu.

Siku chache kabla ya ile Jumapili, bibi aliniita jikoni akanituma. Alinishika sikio wakati ananiambia, si kwa kunivuta, ni kuhakikisha maneno yanaingia.

"Mwana wanje, nenda kwa baba yako mkubwa. Mwambie mama yake kasema hivi: giza likinikuta na mtoto mmoja, Imana akiniuliza mwingine yuko wapi, nimjibu nini?"

Imana ndiye Mungu kwa Kiha chetu, basi nilizunguka kwa barabara ya juu nikirudia maneno yale yasimwagike. Nilimkuta baba mkubwa ananoa panga. Nilipiga magoti, nikamwamkia, nikausema ujumbe wote. Aliendelea kunoa. Kisha akasema, "Nimesikia." Basi. Nilirudi na neno hilo moja, na bibi akaniuliza zaidi ya mara moja alilisema kwa sauti gani. Sikuweza kumweleza. Tangu siku hiyo nilisahau kabisa habari za wajukuu wa Kilimanjaro na kuvimba kwa jua. Niliogopa jambo moja tu: kwamba baba mkubwa hatakuja, na bibi ataingia gizani anahesabu mtoto mmoja.

Jumapili ikafika. Asubuhi ilinyesha, mchana mawingu yakapasuka. Bibi alivaa kitenge chake cha arusi za watu na kukaa uani kwenye kigoda, chungu mbele yake, mirija miwili imechomekwa. Kwetu wenye ugomvi hawanywi chungu kimoja. Wakinywa, ugomvi umekufa, na anayeufufua anajidharau mwenyewe mbele ya watu. Baba aliiona ile mirija. Alikaa mlangoni na redio yake, akawa anaizungusha kitufe bila kuiacha isikike.

Mwalimu alikuwa ametuonya tusilitazame jua kwa macho, kwa hiyo mdogo wangu na mimi tulijaza maji kwenye beseni tukalitazama humo. Mwanzoni halikuwa na neno. Baadaye likawa kama andazi lililong'atwa pembeni, na kila tukiinama tulikuta mng'ataji kaongeza. Mwanga ukageuka rangi, si wa jioni wala wa mawingu, ukawa mwanga uliochoka. Baridi ikashuka. Kuku wetu, ambao hawana redio, wakaanza kupanda bandani mmoja mmoja. Kijiji chote kikanyamaza, kisha upande wa kanisani wakaanza kuimba.

Bibi hakuangalia juu hata mara moja. Alikuwa anaangalia barabara. Barabara ilikuwa tupu.

Ndipo tukasikia panga. Lilikuwa linakata kitu kibichi, nyuma ya nyumba, kwa haraka. Harufu ya minyaa ikatufikia kabla hatujaona mtu. Matawi yakaanguka upande wetu, na katika ule mwanga mbaya akatokea baba mkubwa na panga mkononi, shati limetapakaa weupe. Mama akapiga yowe. Baba akasimama, redio ikaanguka.

Baba mkubwa akatazama panga lake kama kwamba ndiyo kwanza analiona. Akalitupa chini. Akapiga makofi taratibu, mikono imekutanishwa kama tunavyoamkiana sisi Waha, akasema, "Mwidiwe."

Baba alichelewa kujibu. Naapa sijawahi kungoja jambo lolote namna ile. Kisha naye akapiga makofi. "Mwidiwe."

"Huo utomvu ukikuingia machoni utapofuka," bibi akafoka, kana kwamba mwanawe katoka kucheza. "Mnawisheni!"

Baba akageuka huku na huku, na maji ya karibu yalikuwa yetu. Akalinyakua beseni pale tulipoinama, jua likiwa limebaki kipande chembamba ndani yake. Mdogo wangu akalia, "Jua letu!" Hakuna aliyemsikiliza. Baba alimmiminia kaka yake maji mikononi, na mikono ya baba ilikuwa inatetemeka hata maji mengi yakaenda chini. Kwa utoto wangu nilijua sababu: anaogopa kiama. Utomvu ukayafanya maji meupe kama maziwa. Nyuma ya baba mkubwa, kwenye tundu la ua, Jenitha alikuwa amesimama na mshumaa wa Mzee Salumu, haujawashwa. Nilikwenda nikamshika mkono.

Walikaa. Wakainamia chungu, kila mmoja na mrija wake, vichwa karibu kugusana. Bibi akafunga macho, akasema yuko tayari.

Sikuliona jua likirudi, kwa kuwa beseni halikuwa na maji tena. Niliona tu kwamba kuku wameshuka, wamesimama uani hawajui waende wapi. Jogoo akawika. Bibi akafungua jicho moja, akatazama ukuta uliokuwa umeanza kupata rangi yake, na niseme kweli, alionekana kama mtu aliyevaa vizuri halafu gari lisije. Lakini alipowageukia wanawe walioinamia chungu, akacheka mpaka akashika mbavu. Mpaka anafariki, miaka kadhaa baadaye, hakuna aliyemwondoa kwenye imani yake: jua lilikuwa linakufa kweli, Imana akachungulia, akaona wale wawili wanakunywa pamoja, akabadili nia. Wote wawili ndio waliomshusha kaburini, mmoja kichwani, mmoja miguuni.

Baada ya matanga nilikaa na baba uani, na kwa mara ya kwanza nikamwuliza kama siku ile aliogopa sana mwisho wa dunia.

Baba alinishangaa. "Mwisho gani? Redio ilisema litapatwa kidogo, kisha litaachiwa. Nilisikia kwa masikio yangu."

"Na baba mkubwa?"

"Anayo redio. Stesheni ni ileile."

Kumbe walijua, wote wawili. Katika uwanja ule aliyeamini alikuwa bibi peke yake, na sisi watoto, na labda kuku. Wakubwa wawili walikuwa wamekaa na ugomvi uliowachosha, kila mmoja anangoja njia ya kurudi bila kuonekana kashindwa, na mama yao akawapa dunia nzima iwe kisingizio. Baba mkubwa angeweza kuzunguka kwa barabara. Alichagua kuikata minyaa aliyoipanda mwenyewe. Hilo nimelielewa ukubwani.

Ila kulikuwa na jambo moja halijakaa sawa, nikamwuliza. Kama alijua jua litarudi, mbona mikono ilikuwa inamtetemeka vile wakati anamnawisha kaka yake?

Baba aliinuka, akachukua panga ukutani. Mvua zilikuwa zimeanza, na kila mvua zikianza ile minyaa hutaka kuliziba tundu, huwa wanaipunguza, yeye upande huu na baba mkubwa upande ule, bila kuambiana. Alishafika karibu na ua ndipo akanijibu, mgongo ukiwa kwangu.

"Nilidhani hatakuja."