Phelesia Ahamia Barabarani

Pale Sindo, mji ulio kando ya ziwa, Phelesia Adhiambo alijulikana kwa mabega yake. Alikuwa mpiga makasia wa timu ya taifa. Yeye na mwenzake Phanice walikuwa wakivuta mashua moja tangu shuleni, na walishinda mpaka watu wakaacha kushangaa. Kisha ubavu wake mmoja ukapata ufa kwa kuvuta kupita kiasi, na daktari akamwambia asishike kasia mpaka mfupa uunge.

Kukaa bure hakukumfaa. Akaenda kwa shangazi yake kule Rangwe, akaazima baiskeli ya kubebea magunia, akawa anapanda nayo vilima kila asubuhi ili miguu isilale.

Ndipo akakutana na timu ya waendesha baiskeli kutoka Migori. Walikuwa wanapanda kilima juu ya baiskeli nyepesi za mashindano, naye akawapita. Hakukusudia kujionyesha. Miguu ilikuwa imechangamka tu. Gari la timu likamfikia, na kocha, Mkuria aliyeitwa Mirumbe, akachomoza kichwa dirishani.

"Dada, unafanya kazi gani?"

"Napiga makasia. Sasa hivi nauguza ubavu."

"Ukipona, njoo Migori."

Alipopona alikwenda kwanza kwa Phanice, akamkuta anapangusa mashua ufukweni.

"Nyamera," alimwambia, yaani dada yangu kwa Kijaluo, maana walikuwa kama ndugu, "nimeona baiskeli ndiyo yangu."

Phanice hakuinua macho. "Na mimi nitavuta na nani?"

"Robi wa Muhuru. Ana nguvu kunishinda."

"Usinidanganye, hakuna anayekushinda." Akakamua kitambaa. "Nenda. Ila usiende kucheza."

Huko Migori nguvu alikuwa nazo. Ujanja ndio haukuwepo. Mazoezini alifunga breki ghafla katikati ya kundi, akawaangusha wenzake wawili. Katika shindano lake la kwanza aliongoza tangu mwanzo, huku wengine wamejibanza nyuma yake na kumwachia upepo wote. Karibu na utepe wa kumalizia wakampita kama aliyesimama.

"Kocha," alisema akiwa bado anahema, "nifundishe kujibanza."

Mirumbe alicheka, na kesho yake wakaanza.

Mwaka uliofuata yalifanyika mashindano ya Migori hadi Homa Bay. Phelesia alikaa katikati ya kundi, kimya, akila ndizi yake, akiwaacha wenye haraka wachoke. Walipofika vilima vya Rangwe aliinuka kwenye kiti na kukanyaga. Aliyejaribu kumfuata alirudi nyuma kabla ya kilele. Phelesia aliingia Homa Bay peke yake, ziwa likimeremeta mbele yake.

Baadaye timu moja ya kulipwa ya Ulaya ikamsajili. Mama yake alimuuliza kama huko kuna ziwa.

"Sijui, Mama," alijibu, akikunja jezi zake. "Nimeuliza habari za milima tu, wakasema iko mingi."