Maandishi Ndani ya Buti

Ijumaa moja hapa Jeddah, madam wangu wa sasa aliwapeleka watoto kuona maonyesho ya magari ya zamani ufuoni, nami nikachukuliwa kushika mkoba wa nepi. Yalikuwa magari ya Kimarekani, yale mapana yenye boneti ndefu na injini ya silinda nane, yamepangwa safu kama mabibi arusi wengi wa mume mmoja. Vijana walikuwa wanapiga picha na kuulizana bei kwa sauti ya chini. Sikuwa na haja nayo. Nilikuwa natafuta kivuli tu, mpaka nilipofika kwenye gari la rangi ya chungwa na kuona usukani wake umefungwa uzi wa buluu.

Uzi ule niliufunga mimi. Usukani ulikuwa umepasuka, nami nikauzungushia uzi wa kushonea nguo nilipokuwa nikifanya kazi Riyadh. Basi nikazunguka nyuma. Buti lilikuwa wazi, limejaa spika na taa za rangi rangi. Nikachungulia upande wa ndani wa kifuniko chake, ingawa nilijua sitaona kitu. Paling'aa kama sahani. Mwenye gari alidhani nalipenda, akatabasamu.

Nilitamani kumwambia kwamba mtu wa kwanza kupang'arisha pale ni mimi, na kwamba sijajisamehe.

Nilipokuja nchi hii kutoka Mombasa nilianzia hapa hapa Jeddah, kwa madam mmoja mkali ambaye ndiye aliyenifunza kazi. Alikuwa na mtindo wake wa kukagua: anachukua tishu nyeupe, anaizungushia kidoleni, anaipitisha mahali ambapo mtu wa kawaida hafikirii. Juu ya mlango. Chini ya mfuniko wa jiko. Ndani ya kabati, kwenye ile kona ya bawaba. Tishu ikitoka na alama, hanipigi wala hanitukani, ananiwekea ile tishu juu ya mto wangu niikute wakati wa kulala. Alizoea kusema kuwa kusafisha nje hata mvua inaweza. Nilimchukia miaka miwili mizima, lakini kazi ilinikaa mwilini. Tangu hapo siwezi kuona kitu kina mfuniko nisikifunue nikasafisha ndani.

Mkataba ulipokwisha nikapata kazi Riyadh, mtaa wa Malaz, nyumba ya mzee mmoja aliyefiwa na mke. Bintiye ndiye aliyeniajiri, huyo nikimwita madam, lakini aliishi kwake na alikuja mara mbili kwa wiki. Siku nyingine tulikuwa mimi na mzee. Nilimwita Baba na yeye akaniita mwanangu, na sikuona kuwa ni maneno ya bure. Chakula alikuwa ananingojea tule wakati mmoja, yeye mezani na mimi jikoni, mlango wazi tukizungumza.

Gari lilikaa uani chini ya turubai. Baba alilinunua akiwa kijana, mwaka alioanza kazi. Rangi yake ilikuwa ya mchanga, imechujuka kwa jua. Kila Ijumaa baada ya sala alifunua turubai, akaingia, akaliwasha. Hakwenda popote, goti lilikuwa limekataa kukanyaga klachi. Alilisikiliza tu kwa muda kisha akalizima. Vioo vya jikoni vilitetemeka na mimi nilijua mapema kuanua nguo zangu, la sivyo zinuke moshi. Nilimnung'unikia, naye akacheka.

Miaka yangu ya kwanza pale, majirani walilicheka lile gari. Wanawe wa kiume walimwambia alipeleke tashlihi, kule magari mabovu yanakokatwa vipande. Kisha sijui upepo ulibadilika vipi. Vijana wakaanza kubisha langoni, mara wawili, mara watatu, wakitaka kuchungulia chini ya turubai. Wale wanawe waliosema takataka wakaanza kusema "gari letu". Mwanzoni wanunuzi walitaka magari yaliyopakwa rangi mpya yakawaka. Baadaye ladha ikageuka tena, wakawa wanatafuta yale ambayo hayajaguswa: rangi ya kiwandani, viti vilevile, hata vumbi lilelile. Baba alinieleza haya nami nikamwambia kwamba kwetu mtu akitaka vumbi halinunui, anakaa tu kando ya barabara. Akacheka mpaka akakohoa. Kumbe alikuwa ananiambia jambo la maana na mimi nimefanya mzaha. Asiyejua maana haambiwi maana, lakini mimi niliambiwa.

Nyumba ya Malaz ikaamuliwa kuuzwa. Baba alikuwa ahamie kwa bintiye, ghorofani, kaskazini ya mji, na kule hapakuwa na nafasi ya gari. Hili lilimuuma kuliko nyumba yenyewe. Alikataa wanunuzi wengi kwa sababu walitaka kulipaka rangi. Mwishowe akapatikana mtu wa Jeddah, mkusanyaji wa magari ya zamani, aliyesema kwa simu kwamba akilikuta halijaguswa atalitunza vilevile na hataruhusu brashi ilikaribie. Baba alifurahi siku ile akaomba nimpikie wali wa nazi.

Siku mbili kabla ya mgeni kufika, madam alimpeleka baba yake hospitali kuangaliwa goti. Nikabaki peke yangu na lile gari, na mgeni anakuja. Nilifikiria namna Baba alivyonitendea, nikaona aibu mgeni alikute limejaa vumbi kama halina mwenyewe. Kwetu kitu kikitoka nyumbani kinatoka safi. Nikafunga leso kiunoni nikachukua ndoo, sponji yenye upande mkali, spiriti, na sabuni ile ya kutoa mafuta ya jiko.

Nje nilipitisha kitambaa tu. Nilijua nje ni kwa macho ya watu, kazi hasa iko ndani. Nikafungua buti, nikainua kifuniko, nikaangalia upande wa ndani. Palikuwa na karatasi kuukuu ya kiwandani, imekauka, kingo zimejikunja. Chini yake palikuwa na maandishi ya penseli, mistari mingi, midogo. Nikadhani ni hesabu za fundi. Karatasi niliilowesha nikaibandua kwa kisu cha siagi. Kisha nikaanza kufuta.

Herufi za Kiarabu nazisoma tangu utotoni, chuo cha Kurani. Kule tulifunzwa kusoma kwanza, maana ije baadaye au isije, na mpaka leo nikiona herufi zile mdomo hujiendea wenyewe. Basi mdomo ulisoma na mkono ukafuta. Nilisoma kwa mahadhi kama mtoto wa chuo, nikifurahia sauti yangu uani, wala sikungoja kujua nilichokuwa nikisema. Nilipomaliza nilichukua tishu nyeupe, nikaipitisha. Ikatoka safi.

Mgeni wa Jeddah alipofika alilizunguka gari mara tatu, uso umemlainika. Akafungua buti akauliza karatasi iko wapi. Baba hakuwa anatafuta karatasi. Alisogea na mkongojo wake, akaweka kiganja pale ndani ya kifuniko, akapapasa.

"Nani amegusa hapa?" aliuliza.

"Mimi, Baba. Nilisafisha kwa ajili ya mgeni."

Nilisimama na sinia la kahawa nikingoja kupongezwa. Aliniangalia, akamwangalia mgeni, kisha akasema, "Mafi mushkila." Hakuna tatizo. Nimesikia maneno hayo mara elfu nchi hii na sijawahi kuyasikia yakiwa ya uongo namna ile.

Mgeni alilichukua. Ila alisema wazi, kwa adabu, kwamba sasa si gari lisiloguswa tena, kwa hivyo haoni sababu ya kulinyima rangi mpya. Baba hakubishana. Nyumba ilikuwa imeshauzwa. Gari la kubeba magari lilikuja likalipandisha, na Baba alisimama langoni mpaka lilipopinda kona.

Jioni ile aliniambia. Mkewe alikuwa mtu wa Jeddah. Kila mwaka walikwenda kwa wazazi wake kwa barabara, na kila waliporudi, yeye akishusha mizigo, mkewe aliandika mstari mmoja ndani ya buti: mahali waliposimama, na neno la kuchokozana. Hakuacha barua wala picha nyingi, wakati wao picha za wanawake hazikupigwa ovyo. Mwandiko wake ulikuwa pale tu. Nilikaa sakafuni nikalia. Kuuliza si ujinga, na mimi nilikuwa na siku mbili nzima za kuuliza.

Tulipohamia ghorofani, Ijumaa ya kwanza, saa ile ya kuwasha gari, aliniita.

"Wewe wasoma. Uliposafisha, ulisoma?"

Nikafumba macho, nikauacha mdomo ujiendee kama siku ile. Ukaja mstari mmoja mzima: *Afif. Joto. Tumepotea, naye hataki kuuliza njia.*

Baba alicheka, kicheko kirefu, akafuta macho kwa ncha ya shumagi yake, kile kitambaa cha kichwani. Alisema ni kweli, walizunguka jangwani nusu siku kwa ukaidi wake. Ijumaa iliyofuata nikampa kipande cha mwingine: Taif, mvua. Naye akanieleza ile mvua yote. Hapo nikahisi Mungu amenipa njia ya kurudisha nilichoharibu, kidogo kidogo.

Lakini vilikuwa vipande viwili tu. Ijumaa ya tatu nilitafuta sikupata, na alikuwa ameshakaa kwenye kiti, ametulia, ananingojea. Sikuweza kumwambia kwamba vimekwisha. Nikatunga. Nikasoma kwa mahadhi yaleyale: tumesimama jioni kando ya barabara, tumekunywa chai, ilikuwa tamu.

Baba alinigeukia.

"Mke wangu hakuwa akinywa chai," alisema. "Tangu nilipomwoa hadi alipokufa, hakuigusa."

Nikainamisha kichwa. Hakunikaripia. Aliuliza polepole, kama mtu anayeogopa jibu.

"Na ule wa kuuliza njia? Nao ni wako?"

Niliapa. Niliapa kwa Mungu, kwa Msahafu, kwa mama yangu, kwamba ule niliusoma kwa macho haya, mwandiko wake, penseli yake. Baba alitikisa kichwa kunikubalia, kwa upole, kama alivyomtikisia kila muuzaji wa sokoni aliyemwapia kuwa tende zake ni za mwaka huu. Akasema halas, basi yameisha, mwanangu, nenda ukapumzike. Ijumaa iliyofuata nilikaa jikoni saa ile, mlango wazi, nikingoja kuitwa.