Fundi Sikio na Amplifaya Mbili

Jina lake la kuzaliwa lilikuwa limebaki kwenye kitambulisho tu. Mtaani aliitwa Fundi Sikio, na sifa hiyo hakupewa bure. Enzi za ujana wake mteja alikuwa akiingia na redio inayokoroma, na kabla hajaitua mezani, fundi amekwisha sema, "Waya wa ardhi umelegea," au, "Spika imechanika hiyo, umeipigisha kupita kiasi." Akifungua, mambo ni yaleyale aliyoyasema.

Kwa miaka thelathini na sita alikuwa katika chumba kilekile cha mlango mmoja na dirisha moja, chenye harufu ya lehemu na vumbi lililoungua, rafu zimejaa mashine zilizofunuliwa matumbo. Alitengeneza kila chenye sauti, ila mapenzi yake yalikuwa kwenye amplifaya za zamani, zile za ganda la mbao, zenye vioo viwili mbele ambamo mishale huchezacheza muziki unapopiga. Nyumbani alikuwa nayo moja ya namna hiyo. Aliinunua ikiwa mbovu kabla hajaoa, akaifufua kwa mikono yake. Mkewe alizoea kuwaambia wageni kwamba yeye ni mke mdogo, mke mkubwa yuko pale juu ya kabati.

"Sauti ya zamani ina nyama," fundi aliwaambia wateja wake. "Hizi za siku hizi ni mifupa mitupu." Aliyasema hayo mara nyingi mpaka yakawa kama sala, hakuna aliyemuuliza ushahidi.

Aliyekuja kuutaka ushahidi alikuwa shemeji yake, mdogo wa mkewe, mpima ardhi aliyestaafu. Huyu ni mtu ambaye hata akikaribishwa chai hutazama kwanza kama meza imekaa sawa. Jumamosi moja mchana aliingia sebuleni na boksi lisilozidi boksi la viatu, akatoa amplifaya mpya, nyembamba, nyepesi, haina kioo wala mshale, ina kitaa kimoja cha buluu.

"Shemeji," alisema, "nimekuletea kitu cha kukunyamazisha."

Fundi aliinyanyua kwa mkono mmoja, akaipima uzito kama mtu anayenunua papai. "Kipya kinyemi, shemeji, kingawa kidonda."

"Methali tunazijua sote. Mimi nataka tupime."

Fundi hakukataa. Alikuwa na hakika ya ushindi, na mtu mwenye hakika huwa mkarimu. Isitoshe, kupima kwa haki alikujua kuliko shemeji. Alikwenda karakanani akarudi na mita yake na kisanduku kidogo chenye swichi moja, alichokiunda mwenyewe. Akaziunganisha amplifaya zote mbili kwenye kisanduku, na kisanduku kwenye spika zilezile mbili. Santuri ilikuwa moja, spika ni zilezile, kitakachobadilika ni amplifaya tu.

"Sasa tusawazishe sauti," alisema, akiinamia mita. "Moja ikizidi mwenzake hata kidogo, sikio litaipenda hiyo na kuiita bora. Sikio ni mlafi, linapenda sahani iliyojaa."

"Hapo umesema," shemeji alikubali. Mambo ya kusawazisha yalimgusa moyo.

Binti yao wa mwisho, muuguzi, alikuwa nyumbani siku hiyo akipumzika baada ya zamu. Alipewa kazi ya kukaa nyuma ya shuka waliyoitundika mbele ya kabati, kurusha sarafu, kugeuza swichi kadiri sarafu ilivyoangukia, na kuandika kila alichofanya. Mizunguko ilikuwa kumi. Wapimaji wangeandika kila mmoja kwenye karatasi yake, "kale" au "mpya", bila kuchunguliana.

Mke wa fundi alikuwa pembeni akipiga pasi. Huyu naye alikuwa na masikio yake. Alifanya kazi ya opereta wa simu miaka ishirini na miwili, kazi ya kuunganisha watu kwa waya, na alikuwa akimtambua mpigaji kwa pumzi tu kabla hajasema halo.

"Na mimi nipeni karatasi," alisema.

"Wewe si ulisema zote ni kelele?" mumewe alimtania.

"Ndiyo. Nataka kujua ni kelele ipi."

Basi wakaketi watatu kwenye kochi. Santuri ilikuwa ya bendi ndogo, mpiga gitaa, besi, na mpiga ngoma anayepapasa ngoma kwa brashi. Fundi alifumba macho. Katika mzunguko wa kwanza aliisikia ile nyama ya sauti, akaandika "kale". Wa pili akaisikia tena, akasita, akaandika "mpya". Kufikia wa tano jasho lilikuwa limeanza kumtoka kwapani. Kila mara alijiambia, naam, hii ndiyo, halafu swichi inalia ta, na kinachofuata kinafanana na kilichopita kama maziwa na maziwa.

Binti alipotoka nyuma ya shuka na kulinganisha karatasi, alianza kwa mjomba wake. Sita kati ya kumi. Baba yake, tano. Alizungusha karatasi ya mama yake mara mbili kana kwamba ameishika vibaya.

"Mama amepata kumi."

Shemeji alicheka, kisha akaona hakuna mwenzake wa kucheka naye. Fundi alikuwa anamtazama mkewe.

"Umejuaje?"

"Kwani si rahisi?" alisema mkewe kwa mshangao wa kweli. "Ile yako ya zamani inachachatika. Kama mafuta yanayoanza kupata moto kikaangoni. Hii nyingine kimya."

Fundi aliinuka, akainua mkono wa santuri, akawasha ya zamani peke yake na kutega sikio mpaka likagusa kitambaa cha spika. Hakusikia kitu. Akageuza la pili. Kimya. Shemeji akainama baada yake, akakaa hapo kidogo, kisha akasimama wima polepole.

"Ipo, shemeji," alisema kwa sauti ya chini. "Inachachatika kweli."

Hakuna aliyetaja mshindi. Shemeji alikunywa chai yake, akaifungasha amplifaya, kisha akabadili mawazo. "Nitakuachia wiki moja mbili, uizoee," alisema, na fundi alijua ameonewa huruma.

Jumatatu fundi alifungua karakana mapema, akaufunga mlango nyuma yake. Alikuwa na mashine ya kutolea milio, ya kujaribia spika, unazungusha batani na mlio unapanda kutoka mngurumo wa chini mpaka mluzi mwembamba kuliko wa mbu. Aliiunganisha kwenye spika na kwenye mita, akaanza kuzungusha. Mlio ulipanda vizuri, ukawa wa filimbi, ukawa mluzi, ukawa uzi. Kisha uzi ukakatika. Fundi alidhani waya umechomoka. Akatazama mita. Mshale ulikuwa umesimama palepale ulipokuwa, unatetemeka kidogo, ukieleza kwamba chumba kizima kimejaa sauti.

Alirudisha batani nyuma, akasikia. Akapeleka mbele, hakusikia. Alifanya hivyo mara saba au nane, taratibu, kama mtu anayepapasa jino bovu kwa ulimi. Kisha akazima, akakaa kwenye kigoda.

Mambo mengine yakaanza kujipanga yenyewe. Mwezi uliopita mwalimu wa kwaya alirudisha amplifaya yake akisema, "Fundi, umeitengeneza vizuri, lakini sasa inachoma masikio." Fundi alimwona mkorofi, akamrudishia vilevile ilivyo. Sasa alielewa kwamba alikuwa amekaza sauti nyembamba mpaka yeye mwenyewe azisikie, na kwa kuzisikia yeye, akawatoboa wengine. Ni wangapi waliokuja wakaondoka na kitu kama hicho bila kusema, kwa sababu nani angebishana na Fundi Sikio?

Siku nne hakumwambia mtu. Alipokea kazi chache, akazirudisha zile za kusikiliza kwa kisingizio cha spea, akatengeneza pasi mbili na feni. Siku ya tano alimpigia binti yake, akamuuliza kama hospitalini kwao kuna mtu wa kupima masikio, akaongeza kwamba anauliza kwa niaba ya mteja.

"Mwambie mteja aje Alhamisi saa nne," binti alisema. "Na asije peke yake kama anaogopa."

Alikwenda peke yake. Mpimaji alikuwa mwanamke mpole mwenye miwani, akamketisha katika kijumba kisicho na mwangwi na kumvika vifuniko vya masikio. Baadaye alimwonyesha karatasi yenye mstari uliotambaa vizuri kisha ukaporomoka kama ukingo wa mto.

"Haya ni masikio ya umri wako," alisema, "na ya kazi yako. Maneno ya watu unayasikia vizuri. Ni zile sauti nyembamba za juu zilizoondoka. Unafanya kazi gani, baba?"

"Natengeneza redio," fundi alisema.

"Basi utahitaji mwenzako."

Jioni hiyo alimkuta mkewe uani akianua nguo, akasimama upande wa pili wa kamba, shuka iliyokauka ikiwa kati yao, na hilo lilimrahisishia. Alimweleza yote, mashine ya milio, mwalimu wa kwaya, mstari ulioporomoka.

Mkewe alitoa vibanio kimoja kimoja. "Nilijua," alisema.

"Tangu lini?"

"Tangu birika lilipoanza kupiga mluzi wewe umekaa karibu nalo unasoma gazeti. Sasa huu mwaka wa tatu."

"Mbona hukuniambia, mama watoto?"

"Ungeniamini mimi, au ungeliamini sikio lako?"

Fundi akaanza kukunja shuka kutoka upande wake. Waliikunja pamoja, wakakutana katikati.

"Nitafunga karakana," alisema.

"Ufunge kwa nini? Mikono imekufa?" Alimpokonya pembe za shuka. "Mimi mchana niko bure. Nilisikiliza watu wasionijua kwa miaka ishirini na miwili. Nitashindwa kusikiliza amplifaya?"

Walianza na ile ya nyumbani. Fundi aliifungua juu ya meza ya karakana, mkewe akasimama karibu na spika. Fundi akawa anagusa kipande kimoja kimoja kwa ncha ya kijiti cha mbao, mkewe akisema, "Bado. Bado. Hapo, imebadilika. Rudi." Fundi akarudi. Zilikuwa transista mbili za mwanzo kabisa, pale sauti inapoingilia, ndogo kama punje za mahindi, zilizochakaa kwa miaka. Alizing'oa, akapachika nyingine, akawasha.

Mkewe alitega sikio, kichwa amekiinamisha, sura ileile fundi aliyoijua zamani, alipokuwa akimfuata kazini jioni na kumkuta na vifaa vya simu kichwani.

"Imenyamaza," alisema.

Shemeji alipokuja kuichukua ya kwake, fundi mwenyewe ndiye aliyedai wapime upya. Shuka ilitundikwa, binti akaitwa, sarafu ikarushwa mara kumi. Safari hii mke wa fundi alipata tano. Aliitazama karatasi yake akaomba warudie, na mara ya pili akapata nne.

"Zimefanana," alisema. "Siwezi kuzitenganisha, na msinilazimishe."

Shemeji alijikuna kidevu. "Yaani miaka yote hii tumebishana juu ya nini?"

"Juu ya uzima na ugonjwa," fundi alisema. "Nzima na nzima, ukizisawazisha, ni ndugu. Tofauti niliyokuwa naihubiri mimi, sijui nilikuwa naisikia au naipenda tu." Alisema hivyo bila uchungu, na shemeji, ambaye alikuwa amejiandaa kwa maneno ya ushindi, aliyameza pamoja na chai. Walikubaliana jambo moja tu, kwamba ile ya mbao ikiharibika inafunguka kwa bisibisi, na ile ya kitaa cha buluu imegandishwa kwa gundi pande zote. Shemeji alisema hilo litajadiliwa siku ikiharibika.

Mwalimu wa kwaya aliitwa arudishe amplifaya yake, akaombwa radhi na kuelezwa ukweli wote, masikio na mengineyo. Alisikiliza, akasema mzee wake nyumbani ni hivyohivyo, naye anabisha mpaka leo. Wateja wachache walihama walipopata habari. Wengi walibaki, na wengine walikuja kwa udadisi tu, kumwona mke wa fundi akisikiliza.

Taabu ilikuwa lugha. Fundi alitaka kuambiwa mambo ya besi na mkwaruzo wa batani, na mkewe hakuwa na maneno hayo. Alikuwa na yake. Kwa hiyo fundi alinunua daftari, akaanza kuandika: "mchanga", batani ya sauti ina vumbi. "Karatasi", spika imechanika. "Nyuki ndani ya chupa", waya wa ardhi. "Mtu mwenye mafua", kapasita imekauka. Baada ya miezi michache walifika mahali mkewe akiingia mlangoni na kusema "mchanga", fundi keshashika brashi.

Alasiri moja mteja alileta amplifaya kubwa ya rangi ya fedha, si ya kale sana wala si mpya. Fundi akaiwasha, yeye akasikia muziki tu, mzuri, hauna kasoro. Mkewe alitega sikio la kulia, akatega la kushoto, akamwomba mteja asimame mbali na mlango.

"Kuna kitu," alisema, "lakini hiki sina neno lake."

Fundi alifungua ukurasa mpya, akaweka kalamu karibu naye, akachukua bisibisi na kuanza kulegeza skrubu za kifuniko.

"Hatuna haraka," alisema. "Litafute."