Kuku wa Fundi Fidelis

Kompyuta ndogo iliyowasha taa na kuchemsha maji katika gesti ya Somoe, Makambako, kila ilipogoma ilibidi fundi Fidelis aitwe kutoka Njombe, na kila alipokuja alichinjiwa kuku. Neno la siri la msimamizi wa kompyuta hiyo alilijua yeye peke yake. Somoe akachoka! Alifuata maelekezo aliyoyasoma intaneti kafe: akachomeka kibodi, akaiwasha Linux, mfumo unaoiendesha, kwa njia ya matengenezo isiyodai neno la siri, akaweka lake jipya.

Fidelis alipopita kukagua, aliandika lile la zamani. Likakataliwa. Akarudia, wapi!

“Mama, imeharibika hii.”

“Haijaharibika, fundi,” alijibu Somoe, akiwamwagia kuku wake mahindi. “Hawa nao wanataka kuzeeka.”