Martina na Mtoto Aliyepoa

Huko Issuna watu walimwita Martina mtu baridi. Mumewe alipozikwa hakutoa chozi, na harusini alikaa kimya kama yuko msibani. Lakini alikuwa mkunga, na nusu ya watoto wa pale walipokelewa na mikono yake.

Mwaka 1974, wakati wa kuhamia vijiji vya ujamaa, tembe yake, nyumba ya udongo yenye paa bapa la udongo, ilibomolewa. Aliyesimamia ni Bonifasi, balozi wa nyumba kumi, mdogo wa marehemu mumewe. Kijiji kipya kilikuwa na vibanda vya majani tu, na upepo wa mwezi wa saba uliingia upande huu ukatokea ule.

"Niliagizwa, shemeji," Bonifasi alimwambia.

"Najua."

Tangu siku hiyo Martina alijibu salamu zake kwa neno moja, bila kuinua macho.

Asubuhi moja Bonifasi alikuja mbio. Mkewe Elina alikuwa amejifungua mwezi mmoja kabla ya siku zake, na mtoto halii. Martina alijifunga kanga akatoka.

Alimkuta mtoto ana rangi ya majivu.

"Amekwisha poa, dada," Elina alisema huku akilia.

"Hajafa. Ameshikwa na baridi."

Alimsafisha kinywa, akampulizia pumzi, akamsugua mgongo mpaka kikatoka kilio chembamba. Kisha akamlaza kifuani pake, ngozi kwa ngozi, akajifunika blanketi.

"Lete ngozi ya ng'ombe," alimwamuru balozi. "Funga upande wa upepo. Haraka!"

Bonifasi, aliyezoea kuamuru, alikimbia. Siku tatu wanawake wale wawili walipokezana mtoto vifuani. Siku ya nne akanyonya kwa nguvu.

Bonifasi alileta jogoo. "Shemeji, yamekwisha?"

"Hasira zimepoa," Martina alisema, akimpokea jogoo. "Lakini bado nalala kwenye upepo."

Juma lililofuata Bonifasi alichukua mkokoteni wa ng'ombe, akarudi kwenye mahame, makazi yao ya zamani, kufuata boriti za tembe ya Martina. Katibu wa kijiji alimkaripia kwa kukosa kazi kwenye shamba la pamoja. Bonifasi alisikiliza, kesho yake akaenda tena. Kabla ya masika tembe ilisimama tena, katika kijiji kipya.

Mvua ya kwanza ilivuja upande wa jikoni. Martina alipanda juu ya paa na karai lililojaa udongo, akaziba mwenyewe.