Kiti cha Nyuma na Mama Mkwe

Kwetu magharibi, mwanamume hamgusi mama mkwe wake. Hawapeani mkono, na neno likiwapo hupitia kwa mke. Sheria hiyo tulihamia nayo Nakuru miaka ya hamsini, mume wangu alipokuwa dereva wa duka moja.

Siku mama yangu alipofika kwa treni, mume wangu aliazima gari la tajiri wake. Gari hilo lilikuwa limebeba pareto wiki nzima, kiti cha nyuma kikiwa kimelazwa. Pale stesheni alikisimamisha, na komeo la upande mmoja likalia. La upande wa pili alitaka kulivuta ahakikishe limeshika, lakini mama alikuwa ameshaingia na kukaa. Angevutaje bila kumgusa mgongo? Aliona haya hata kuniambia mimi nivute, akawasha gari.

Penye reli akafunga breki ghafla, treni inakuja. Gunia la wimbi la mama, lililokuwa nyuma, likasukuma kiti hadi komeo lile moja likaachia. Kiti kikalala mbele na kumtupa mama mabegani kwa mkwe wake. Akamshika shingo kwa mikono miwili.

Treni ilipita yote. Mume wangu akashuka, akasimama mbali akitazama ziwa, hadi nikamaliza kukirudisha kiti na kuvuta pande zote mbili.

Mama alingoja nimalize. Kisha akaniambia, kwa sauti ya kumfikia aliye nje: "Mwambie angevuta tu. Mimi ningefumba macho."