Nyota Tano za Adabu

Chumba chetu cha simu kiko ghorofani, Makadara, hapa Mombasa. Kampuni moja ya Nairobi inauza vyombo vya umeme, nayo imetukodi tuwasikilize wateja wake wa huku. Kila simu ikiisha, mteja huombwa atoe nyota, moja hadi tano. Kwa nyota hizo mkataba wetu huendelea au hukatwa, na msimamizi ni mimi.

Nyota tulikuwa nazo tele! Hakuna kituo kingine cha kampuni kilichotufikia, na sitasema uongo, nilivimba kichwa.

Kisha nikaenda Mji wa Kale kumjulia hali mama. Nilimkuta akitwanga viungo kwenye kinu, na blenda mpya, ya kampuni yetu hiyohiyo, imefunikwa kitambaa. Iliungua siku ya pili. Alipiga simu, msichana wetu mmoja akamwahidi fundi, na fundi hakuonekana.

"Ukawapa nyota ngapi, mama?"

"Tano."

"Tano!"

"Sasa mtoto wa watu ameniamkia kwa heshima, aniombea na afya, kisha mimi n'mpe nyota moja? Kwani sikufundwa kwetu?"

"Na blenda?"

"N'tanunua nyengine, duka jengine. Kwao sirudi."

Nilicheka mpaka nikashika mbavu, halafu kicheko kikanikauka. Watu wetu hutoa nyota kama wanavyojibu salamu: hata mwenye homa husema njema. Kisha huondoka zao kimya kimya, na sisi huku tunajipongeza.

Niliudhika. Kuanzia wiki ile tukawa tunawapigia wateja tena baada ya siku chache, bila habari za nyota, tukiuliza tu: fundi alikuja? Chombo kinafanya kazi? Majibu yalitia uchungu. Wasichana wakanisihi nisiyapeleke Nairobi, maana mkataba ulikuwa unakaribia kwisha.

"Dada, utatukosesha kazi sote."

Nikawaambia mficha uchi hazai, nikayatuma. Ushujaa wote ulikuwa wa mdomoni.

Mkubwa wa kampuni akaja mwenyewe, mwanamke makini asiye na maneno mengi. Akaweka mezani matokeo ya nyota na haya yangu mapya.

"Nikuamini kwa lipi?"

"Kwa haya mabaya."

Hapo simu ikalia. Akataka iwekwe kwenye spika, nami nikaipokea mwenyewe. Alikuwa mama mmoja wa Buxton, tuliyekuwa tumempigia juzi kumuuliza habari za friji yake.

"Nyinyi muna haya kweli? Friji yavuja, jiko zima maji! Huyo fundi wenu yuko wapi?"

Alinigombeza kama mwanawe wa kumzaa. Niliomba radhi, nikamwahidi fundi kesho.

"Haya, nawangoja. Nisipomuona, n'tawapigia tena!"

Akakata. Wasichana wakatazama sakafu.

"Huyu hakuridhika hata kidogo," akasema mgeni.

"Hakuridhika. Lakini atapiga tena. Wale wa nyota tano hatukuwasikia tena."

Aliyakunja yale matokeo yangu, akayatia mkobani. Kisha akasema mkataba unaendelea, na swali letu litaulizwa katika vituo vyote vya kampuni.

Wasichana walipiga vigelegele mpaka watu wa chini wakatoka kutazama. Nami nilikuwa na fahari tele kifuani na simu sikioni, namtafuta fundi wa friji.